Mgongo wa chini: sindano ya diklofenaki au mazoezi?

Huku Goma, anayesukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) au kubeba bidoni ya lita 20, akiumwa mgongo huanzia farmasi. Diklofenaki, dawa ya maumivu, hutuliza upesi, kwa saa kadhaa, na ubaya uko hapohapo: mtu anarudia kubeba vilevile, kisha anadai sindano nyingine. Ikizoeleka inachubua tumbo, inapandisha presha na kuumiza figo. Ikichomwa vibaya kwenye kalio yaweza kugusa neva ya mguu. Vidonge vyake vya siku chache, baada ya kula, vinatosha maumivu yakichachamaa.

Maumivu yakipita miezi 3, mazoezi yanashinda, ila yanataka wiki kadhaa. Piga magoti, viganja chini; nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, shikilia sekunde 8, badilisha. Mara 6 kila upande, kila siku. Wengi hukosea kwa kuinua mguu juu mno: kiuno kinabonyea, maumivu yanaamka. Mguu usipite usawa wa makalio. Tembea pia dakika 20, ukikwepa mawe ya lava. Kushinda kitandani hakusaidii.

Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma, mguu kulegea? Hospitali, leo hii.