Vodka nilizonunua Mtwapa mwaka huu: Chrome, Smirnoff, Absolut na zile za fleva, na bei zake

Mimi si mnywaji wa kila siku. Ni Jumamosi mbili kwa mwezi, tatu kukiwa na harusi au kuna mtu amerudi safari, na kinywaji changu ni vodka manake bia hunijaza tumbo na wiski ule moshi wake sijawahi kuuzoea. Tangu Januari nimekuwa nikinunua aina tofauti kila nikienda dukani, alafu naandika bei kwenye simu na maneno mawili matatu ya vile nimeiona, sasa zimekuwa nyingi nikaona niziweke hapa manake kuna watu wengi kama mimi wanasimama mbele ya rafu hawajui wachukue ipi, wanaishia kuchukua ile chupa inang'aa. Bei ni za maduka ya pombe ya Mtwapa na Bamburi, huku pwani ya Kenya, si za baa, na zinapishana mia au mia mbili kutoka duka hadi duka.

Nianze na za chini. Chrome mzinga, yaani chupa ya 750ml, nilinunua 800, ile kwota ya 250ml 300. Kibao, vodka nyingine ya bei ya chini, kwota nayo nikapata hapo hapo kwenye mia tatu. Chrome ukifungua kifuniko ikiwa haijapoa ile harufu ya spiriti inakupiga puani mara moja, na ukionja kavu, bila kuchanganya na kitu, inachoma koo mwishoni alafu inaacha kautamu fulani kwenye ulimi. Ukiiweka friza masaa manne ikawa nzito nzito kama mafuta, ile harufu inatulia sana. Na ukiichanganya na Stoney, ile soda ya tangawizi, haki ya Mungu sioni cha kulalamikia kwa hio bei. Kibao naiona kali zaidi kidogo, inataka ndimu ndani.

Lakini hapa kwenye bei za chini ndio nataka tukae kidogo, manake hapa ndipo watu wanaumia. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa spiriti Kenya unahesabiwa kwa kiasi cha pombe yenyewe iliyo ndani ya chupa, shilingi 10 kwa kila sentilita ya pombe halisi. Piga hesabu. Kwota ya 250ml yenye asilimia 40 ina mililita 100 za pombe halisi, yaani sentilita 10, kwa hivyo ushuru peke yake ni shilingi 100. Bado VAT asilimia 16, bado chupa, kifuniko, lebo, lori la kuileta, na mwenye duka naye anataka chake. Sasa mtu akikuuzia kwota ya vodka 130, hio pesa ya kutengeneza kinywaji chenyewe imetoka wapi? Kwa mzinga wa 750ml wa asilimia 40 ushuru ni 300. Ndio maana nikiona mzinga wa 450 siulizi hata, napita.

Na si maneno ya kutishana. Februari 2024 kule Kirinyaga zaidi ya watu kumi walikufa kwa pombe ya sumu, wengine wakapoteza macho. Methanoli, ile pombe ya sumu yenyewe, huwezi kuijua kwa ulimi, inaonekana kama pombe ya kawaida na inanukia kama pombe ya kawaida. Kwa hivyo ile stika ya KRA, watu wa ushuru wa Kenya, kwenye shingo ya chupa usiichukulie mchezo, angalia kama imebanduliwa ikabandikwa tena, na kuna programu ya simu inaitwa Soma Label unaielekeza kwenye stika inakusomea ni ya kinywaji gani. Mimi hufanya hivyo hapo hapo kaunta mbele ya muuzaji na sioni aibu.

Hili lilinifunza manake Machi nilinunua chupa kwenye duka moja, jina la duka na jina la chupa nayaacha, nikaiweka friza Ijumaa usiku. Jumamosi jioni naitoa naona vipande vya barafu vinaelea ndani, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Vodka ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani, friza hizi zinafika kama digrii 18 chini ya sufuri na vodka inataka zaidi ya 20 ndio ianze kuganda. Ikiganda maana yake kuna mtu ameongeza maji. Nikatazama kifuniko vizuri nikaona ile pete ya chini imekatwa kitambo na kubanwa tena na gundi. Nilimwaga yote kwenye sinki, pesa yangu ikaenda, iliniuma sana. Na nisieleweke vibaya, kutoganda si dhamana kwamba ni salama, inakuambia tu kama imeongezwa maji.

Haya, Smirnoff ile nyekundu. Mzinga 1,600, nusu ya 350ml 750, kwota 520. Hii ndio nimenunua mara nyingi kuliko zote na sababu yake nitaifikia. Jina lilianzia Moscow karne ya kumi na tisa, saa hizi ni mali ya Diageo ya Uingereza, na wanaichuja kwenye makaa, ile ndio inaifanya iwe safi safi bila kitu kinachobaki mdomoni. Ukionja ikiwa baridi haina utamu ule wa Chrome, ni kavu, kuna kitu kama pilipili manga kidogo nyuma ya ulimi, basi. Somo moja: soma asilimia kwenye lebo. Smirnoff ya Uingereza ni 37.5 na ya Marekani ni 40, jina ni moja chupa ni moja. Shemeji alirudi na chupa ya huko akawa anasifu eti ni laini kuliko ya hapa. Tuliposoma lebo ilikuwa ile ya 37.5. Hatukubishana tena.

Absolut mzinga nimeipata 2,300 mpaka 2,500, ya lita moja 2,900. Hii inatoka Sweden, mji mdogo unaitwa Åhus, wanatumia ngano inayopandwa msimu wa baridi, na ni asilimia 40. Absolut ina mwili. Ukiinywa kavu unasikia kama ganda la mkate, nafaka kabisa, na haikimbii mdomoni haraka. Kama wewe ni mtu wa kunywa kavu na barafu tu, hio tofauti ya mia saba mpaka mia tisa na Smirnoff utaisikia na utaona pesa yako imefanya kazi.

Sasa tofauti hizi ni za kweli ama ni lebo? Tulifanya jaribio Aprili kwa binamu yangu, barazani. Tulichukua vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono, kumi na mbili vyote sawa sawa, chini ya kila kimoja tukaandika nambari kwa kalamu. Shemeji akamimina Chrome, Smirnoff na Absolut zote zimetoka friza moja, sisi wanne tukiwa ndani tumefungiwa mlango. Raundi ya kwanza kavu. Wote wanne tuliijua Chrome kwa harufu kabla hata ya kuonja. Watatu wakasema Absolut ndio bora, mmoja akachukua Smirnoff. Hapo nikasema basi, bei inasema kweli. Raundi ya pili shemeji akatia Stoney na ndimu kwenye zote. Palepale kila mtu akapotea. Binamu alishika kikombe cha Chrome akaapa ni Absolut, mke wake vilevile, mimi nikachagua Smirnoff nikidhani ni Chrome, na hakuna hata mmoja aliyepata tatu zote. Nimerudia na watu wengine mara mbili tangu hapo, mambo ni yale yale.

Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla hujatoa pesa si ipi ni bora, ni unainywa vipi. Kama kila tone litaingia kwenye soda, hakuna haja ya kununua Absolut, mwenye kuihisi hayupo. Mimi huchukua Smirnoff manake nakunywa kote kote, toti ya kwanza kavu na barafu, zinazofuata nachanganya, na hapo katikati ndio inakaa vizuri.

Zile za juu nitazipitia haraka. Grey Goose 5,600 na Cîroc 5,300 niliziona rafuni, sikununua, lakini zote nimezionja kwenye harusi Nyali mwaka jana. Grey Goose ni ngano ya Ufaransa, laini sana, inateremka kama maji na inaacha utamu wa lozi kwa mbali. Cîroc haitengenezwi na nafaka, ni zabibu, na kweli unasikia tunda. Ni vinywaji vizuri, sitasema uongo, lakini kwa bei ya Grey Goose moja napata mizinga mitatu ya Smirnoff na chenji ya ndimu na barafu inabaki. Kwa mtu anayekunywa mara mbili kwa mwezi hio ni miezi mingi. Kama ni zawadi ya bosi au baba mkwe, hapo sawa, nunua.

Fleva sasa. Hapa ndio nimepoteza pesa zaidi na nimejifunza zaidi. Absolut walianza na ya pilipili, Peppar, mwaka 1986, alafu Citron 1988, na zile fleva zao za zamani hawatii sukari, kwa hivyo usitarajie utamu wa soda. Citron nimeipenda kwa moyo wote. Ni kama mtu amekwaruza ganda la limau juu ya glasi, ganda si maji yake, na ukiongeza soda ya maji na barafu umemaliza. Vanilia nilinunua kwa wasiwasi, nikaichanganya na maji ya dafu, jamani. Muuza madafu wa hapa njiani anakata mbele yako kwa panga, nikaja na mawili, nikatia toti mbili kwenye glasi kubwa na barafu, ule utamu wa dafu na ile vanila vinashikana kama vimezaliwa pamoja. Hiki ni kinywaji cha pwani na nashangaa baa za hapa hazikiuzi.

Fleva ya embe ndio iliniudhi. Nilijaribu mbili za kampuni tofauti, zote zinanukia kama peremende ya embe ya watoto. Sisi tunaoishi na ngowe na apple na dodo, embe zetu za hapa, tunajua embe inavyonukia. Desemba embe zikijaa saga apple moja iliyoiva, chuja, tia kwenye vodka isiyo na fleva na kamulia ndimu, utanikumbuka. Fleva ya tufaha la kijani nayo ni ile ile, tamu mno, na hizi tamu ndizo zinazokupa kichwa kizito asubuhi manake unakunywa nyingi bila kujua. Ukwaju ndio siri yangu: juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, toti moja na nusu ya Smirnoff, chumvi kidogo sana kwenye ncha ya kisu. Basi.

Kuna mtu aliniuliza mbona sijaweka Konyagi, manake binamu zetu wa Tanzania wanaileta. Konyagi si vodka, ni asilimia 35 na iko upande wa jini, ina ladha yake ya mimea. Nzuri na soda ya maji lakini hatuwezi kuilinganisha hapa.

Na baa? Mzinga wa 750ml unatoa toti 25 za mililita 30. Smirnoff ya 1,600 ni kama shilingi 64 toti moja nyumbani. Baa za hapa nimelipa 200 mpaka 250 kwa toti hio hio, na kuna mahali kipimo chao ni 25 si 30, kwa hivyo omba wapime mbele yako. Kitu kimoja ninacholipia baa bila kunung'unika ni dawa, ile ya vodka, ndimu, sukari na asali kwenye kijiti, ambayo Carnivore ya Nairobi wameifanya ijulikane na watalii wa dunia nzima. Ukiitengeneza nyumbani usitumie vodka ya bei, asali na ndimu zinafunika kila kitu, Chrome iliyopoa inatosha kabisa. Ponda ndimu na maganda yake, asali iwe ya kweli, kile kijiti ukizungushe mwenyewe taratibu kadiri unavyokunywa ndio utamu uje pole pole.

Saa hizi nina nusu ya Smirnoff friza na ndimu sita. Citron imeisha, Nyali wanaiuza 2,500 lakini nimesikia Kikambala kuna duka wanaitoa 2,350, Jumamosi nitapita huko nikaangalie stika yake kwanza, nikiikuta sawa nitaongeza bei hapa chini.