TAHADHARI: Jamaa wa ndoo ya bluu pale Nyegezi, Mwanza, anauza aiptasia (anemoni-gugu anayeharibu matangi ya maji chumvi) kwa jina la anemoni wa pambo

Wakuu, huyu muuza mawe ya bahari kwa ajili ya matangi kanipata. Nimepigwa laki na themanini mchana kweupe, tena mimi ninayewakagulia wenzangu mawe yao ya tangi kutafuta wadandiaji (viumbe waharibifu wanaokuja wamejificha ndani ya mawe). Chekeni tu.

Alikuja na ndoo stendi ya Nyegezi, mzigo eti umeshuka na basi kutoka Tanga. Alipofunua kifuniko ilitoka harufu ya bahari safi, hakuna uvundo. Jiwe jepesi, matundu tele, utando wa zambarau kila upande. Akatoa kipima chumvi, akadondosha tone, akanipa nichungulie mwenyewe: 1.025, sawa na maji ya bahari. Huku kwetu kwa sato na furu, nani anatembea na kipima chumvi? Hapo ndipo nilipolegea. Juu ya jiwe kulikuwa na vidonge vitatu vya kahawia vimejikunja. "Anemoni wachanga hao bosi, wamechoka na safari. Wape siku tatu." Na kweli, anemoni wa pambo akisafirishwa hunywea hivyohivyo. Elfu sitini kila mmoja, nikamtumia kwa simu palepale.

Siku ya tatu wakachanua. Shingo ndefu nyembamba, mwili unaopenya mwanga, minyiri iliyochongoka kama sindano. Ukimgusa, kufumba na kufumbua keshazama tunduni. Anemoni wa pambo hujikunja taratibu. Nikamchokonoa mmoja kwa kijiti, na hilo ndilo lililoniponza: kipande cha mguu kikibaki jiweni kinaota mwingine. Wiki ya pili nikahesabu kumi na mmoja, na matumbawe yaliyo karibu nao yamefumba kwa kuchomwa.

Mtu kama huyu afungwe, na kabla hajafungwa anyweshwe maji ya ndoo yake! Kujaza tangi upya siyo mchezo: tangi la lita 200 linakula kilo 7 za chumvi, na huku hatuna bahari ya kuchota bure.

Mlionunua, msiwakwangue wala kuwaponda. Zimeni pampu, korogeni kalsiamu hidroksaidi safi (siyo chokaa ya kupaka ukutani) na maji yaliyochujwa mpaka iwe uji mzito, vaeni glavu na miwani, mmwagieni kila aiptasia mdomoni kwa bomba la sindano akiwa amechanua. Wachache kwa siku, maana uji huo unapandisha pH ya maji. Na jiwe msilichemshe jamani! Likiwa na zoanthidi (wanyama wadogo wa baharini wa jamii ya karibu na anemoni), mvuke wake unaweza kubeba sumu ya kuua mtu.

Dalili? Hakubali kusubiri wachanue mbele yako. Kila anemoni wake ni "mchanga". Halafu ndani ya ndoo kulikuwa na mlio, tak, tak, nikadhani ni kifuniko. Sasa konokono wangu wanaokotwa asubuhi magamba yamepasuliwa, kumbe alinipa na kamba wa ngumi (kiumbe wa baharini anayevunja magamba kwa kuyapiga), bure kabisa. Polisi wamtie ndani, mwizi mkubwa!

Ndoo yake bado ninayo. Aje aichukue.