Twisheni ya Majengo, Moshi: Jumamosi Ndiyo Inayolipa Ada

Kuanzia mwezi wa tatu hadi mwezi wa sita mwaka huu, binti yangu aliye kidato cha nne katika shule ya kutwa amesoma twisheni katika kituo kimoja cha binafsi mtaani Majengo. Ada yake ni shilingi 35,000 kwa mwezi kwa masomo matatu, nasi tulichagua Hisabati, Fizikia na Kemia. Vyumba ni viwili, vimeezekwa kwa bati bila dari, na mvua za masika zikishika kasi mwalimu huacha kufundisha kwa sababu hasikiki.

Vipindi vya Jumatatu hadi Alhamisi havikuniridhisha. Vijana zaidi ya hamsini hubanana kwenye mabenchi, mwalimu huujaza ubao, wao hunakili, kisha ubao hufutwa na kujazwa tena. Wa Kemia peke yake ndiye ninayemtoa katika lawama hii: hueleza jambo kwa Kiswahili mpaka lieleweke, ndipo humtaka kila mwanafunzi aliandike kwa Kiingereza chake mwenyewe, kwa kuwa mtihani wa Novemba utakuwa kwa Kiingereza na sentensi iliyokaririwa humponyoka mtu pale swali linapogeuzwa kidogo tu.

Jumamosi ni habari nyingine kabisa. Asubuhi hufanyika jaribio la muda wa saa tatu lililotungwa kwa kufuata mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani, simu zikiwa zimekusanywa mlangoni. Katika Hisabati, yenye maswali kumi ya alama 6 na manne ya alama 10, mwalimu huwafundisha kugawa muda: dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo swali la alama 6 lisimle mtu zaidi ya dakika kumi na moja. Binti yangu alikuwa na ugonjwa wa kung'ang'ania swali moja kwa nusu saa, na sidhani kama shuleni kulikuwa na mtu aliyepata nafasi ya kuugundua.

Karatasi hurudishwa Jumatatu zikiwa zimesahihishwa, na kila swali lililokosewa huingizwa katika daftari la makosa, ambalo mwanafunzi hulirudia bila kutazama jibu baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu. Mwanzoni niliona ni kumchosha mtoto, maana yeye alizoea kusoma na kurudia kusoma madaftari yake huku akipigia mistari kwa kalamu za rangi. Watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma habari waliikumbuka vizuri zaidi dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuiandika kutoka kichwani waliwapita. Zile kalamu za rangi, kumbe, zilikuwa zikimpa raha ya dakika tano. Jaribio lake la kwanza la Hisabati alipata 27, yaani F. La mwisho kabla ya likizo alipata 46, ambayo ni C, ingawa mwalimu wake wa shuleni naye ana sehemu yake katika hilo.

Kasoro kubwa ni kwamba hakuna maabara. Fizikia na Kemia zina karatasi ya vitendo, na kituo huliziba pengo hilo kwa kugawa majedwali ya matokeo yaliyokwisha kujazwa ili yakaririwe, jambo ambalo naliona ni baya kuliko kutofundisha kabisa. Mwenye mtoto ambaye shule yake haina vifaa asitegemee kuvipata hapa. Aidha, kituo huuza rundo la mitihani ya nyuma kwa shilingi 5,000, ilhali karatasi hizo, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazoonyesha walipokosea wengi na kwa nini, hupatikana bure katika tovuti ya Baraza.

Baada ya likizo nilimwomba msimamizi tulipie Jumamosi pekee. Alisita, akakubali shilingi 15,000. Jioni za siku nyingine binti yangu hukaa nyumbani na daftari lake la makosa, nami kazi yangu ni kulifunika jibu kwa kiganja.