Mafunzo ya dharura ya bure mtandaoni: kipi kinastahili bando lako

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikaanza kusuasua karibu Tanzania nzima. Huku kusini tulikuwa hata hatujapumua: siku chache kabla, mvua za Kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara ya Lindi kwenda Dar upande wa Kilwa. Usiku ule nilikuwa zamu. Vilivyonifaa kwenye simu ni vile nilivyokuwa nimevipakua. Vile nilivyoviwekea nyota kwenye kivinjari, nikijiambia nitavisoma siku moja, vilikuwa sawa na kalenda ya mwaka juzi.

Tangu hapo nimekuwa bahili. Hakuna hata kimoja kati ya hivi nitakavyovitaja kinachodai hela, lakini vyote vinalipiwa: bando, chaji, na ule usingizi wa saa tisa alasiri baada ya zamu ya usiku. Video ya saa moja inakula MB mia kadhaa. Basi navipanga kwa mambo mawili tu. Je, kinafanya kazi mtandao ukikata? Na je, aliyekiandika alikuwa anamfikiria mtu wa Tandahimba mwenye glukosi, dripu, ambubegi (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa) na mtungi mmoja wa oksijeni, au daktari mwenye mashine ya picha za CT mlango wa pili?

Nawaandikia matabibu, wauguzi na madaktari wa vituo vya afya na hospitali za wilaya. Walioko ICU kubwa, wodi za wagonjwa mahututi, nitawafikia mwishoni.

Cha kwanza: Basic Emergency Care, yaani BEC

Hiki kilitolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni kitabu cha PDF, kurasa zaidi ya 200, unakipakua mara moja na kwisha. Kimejengwa juu ya hali nne ambazo mgonjwa anaweza kukujia nazo: ameumia, hapumui vizuri, yuko kwenye shoku (damu haizunguki ya kutosha mwilini), au fahamu zake zimebadilika. Kabla ya zote kuna ABCDE: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mvue nguo umwangalie mwili mzima.

Najua utasema ABCDE unaijua tangu chuoni. Hata mimi nilikuwa naijua. Kuna mtoto wa miaka mitatu aliletwa usiku kutoka shambani, degedege limeisha ila haamki, mwili unachemka. Kichwani nikawa nimeshamaliza: malaria kali. Nikamwekea dripu mkononi, nikaagiza dawa, nikageuka kuandika faili. Nesi niliyekuwa naye zamu, mama wa makamo aliyeanza kazi mimi niko darasa la pili, akaniuliza taratibu ili ndugu wasisikie, "Dokta, sukari umempima?" Ilikuwa 1.8, chini mno. Malaria alikuwa nayo kweli, lakini kilichokuwa kinamwua dakika ile ni sukari, na sukari imekaa pale kwenye D, herufi ya fahamu, mbele ya macho yangu, miaka yote. BEC inakurudisha kwenye herufi hadi mkono uzizoee, na ndiyo maana naiweka juu ya vitu vya kuvutia zaidi.

Pamoja na kitabu, chukua orodha mbili za WHO za ukurasa mmojammoja, moja ya majeruhi na nyingine ya wagonjwa wa dharura. Zichapishe steshenari, zifunike kwa plastiki, zibandike juu ya kitanda cha dharura. Kasoro ya BEC ni kwamba kusoma peke yake hakutoshi. Kozi yenyewe ina vituo vya kufanya kwa mikono, kwa hiyo tafuta wenzako wawili na ambubegi, mpangane zamu ya kuwa mgonjwa.

Cha pili, kwa watoto: kitabu cha mfukoni cha WHO na aplikesheni ya LIFE

Kitabu cha WHO cha huduma za watoto hospitalini, toleo la pili la 2013, nakipima kwa swali moja ambalo naliuliza kila mwongozo unaotaka nafasi kwenye simu yangu: nina glukosi ya asilimia 50 tu, mtoto anahitaji ya asilimia 10, nifanyeje? Miongozo mingi mizuri ya Ulaya inakaa kimya, maana kwao ya asilimia 10 iko kabatini. Hiki kinajibu: sehemu moja ya asilimia 50 kwa sehemu nne za maji ya sindano, na dozi ni mililita 5 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mililita 60, yaani 12 za glukosi na 48 za maji. Hesabu hiyo ifanye leo mchana ukiwa na akili zako. Saa nane usiku mbele ya mama anayelia, hata jedwali la mbili linapotea.

LIFE ni mchezo wa simu uliotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa utafiti wa Kenya. Unaingia wodi ya kwenye skrini, unachagua la kufanya kwa mtoto mchanga asiyepumua, na muda unakwenda. Ukikosea unaambiwa palepale. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaupenda kuliko kitabu, nami siwalaumu.

Cha tatu: aplikesheni ya miongozo ya MSF, ikisimama na mwongozo wa taifa

Madaktari Wasio na Mipaka, yaani MSF, wameweka miongozo yao ya tiba kwenye aplikesheni moja inayofanya kazi bila mtandao. Dawa ziko kwa dozi, njia ya kutoa na tahadhari. Kwa eneo letu kuna sababu ya ziada, nayo ni nyoka. Msimu wa kuokota korosho watu wanapitisha mikono kwenye majani makavu kutwa nzima, na mgonjwa anakuja kafungwa kamba juu ya jeraha, pengine kashachanjwa na wembe. Sehemu ya kuumwa na nyoka ni fupi na haina maneno mengi: usikate, usifunge kamba ya kukaza, kiungo kisichezeshwe, angalia dalili za sumu kwenye damu na kwenye mishipa ya fahamu.

Lakini MSF wanaandika kwa dunia nzima, nawe unafanya kazi Tanzania. Pale wanapotofautiana na mwongozo wa matibabu wa taifa, ule wa STG/NEMLIT (mwongozo wa tiba pamoja na orodha ya dawa muhimu) wa mwaka 2021, fuata wa taifa, kwa sababu ndio unaoamua dawa gani inapatikana ngazi yako na ndio utakaoulizwa siku ya kikao cha vifo. Nao ni PDF ya bure. Ni mzito kufunguka kwenye simu ndogo, uvumilie.

Wakunga, ninyi ongezeni Safe Delivery App ya Maternity Foundation ya Denmark. Ukishapakua, video za kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, kifafa cha mimba na kumsaidia mchanga kupumua unazitazama bila bando. Na ukitaka kitu cha kuwafundishia wahudumu wa jamii, Global Health Media Project wana video za Kiswahili unazoweza kupakua na kurushiana kwa Bluetooth.

Cha nne: Life in the Fast Lane, kwa ajili ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo

Tovuti ya Waaustralia, imeanza 2007. Mmoja wa waanzilishi wake, Mike Cadogan, ndiye aliyetoa jina FOAM kwa hii harakati nzima ya elimu ya dharura ya bure. Alilipata mwaka 2012 akiwa baa mjini Dublin, akitazama povu, kwa Kiingereza foam, la bia ya Guinness. Maktaba yao ya ECG sijaona ya kuishinda. Kila hali ina picha kadhaa na maelezo ya kwa nini mstari umepinda vile. Kama hospitali yako ina mashine ya ECG na hakuna anayejiamini kuisoma, hiki kinapanda hadi nafasi ya pili. Kama mashine haipo, kisome kwa raha zako. Kinahitaji mtandao, kwa hiyo piga picha za skrini zile kumi muhimu uzihifadhi.

Cha tano, kwa tahadhari: EMCrit na kitabu chake cha ICU

Scott Weingart alianza EMCrit Marekani mwaka 2009, na ndani ya tovuti hiyohiyo Josh Farkas anaandika Internet Book of Critical Care, kitabu kizima cha wagonjwa mahututi, bure. Podikasti zao ni tamu. Nimezisikiliza sana kwenye basi la Mtwara kwenda Masasi, ingawa Kiingereza chao kinakimbia kuliko dereva.

Tahadhari yangu ni hii. Wanaongea na mtu ambaye mgonjwa akijaa maji mapafuni, mashine ya kupumulia ipo. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulifanyika kwa watoto zaidi ya 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa takriban asilimia 10.6 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Mwaka 2017 wenzetu wa Lusaka wakatoa matokeo ya watu wazima wenye sepsisi (maambukizi yanayoharibu kazi ya viungo vya mwili) na presha ya chini: waliopewa utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walikufa asilimia 48.1, dhidi ya 33 ya huduma ya kawaida. Kwa hiyo ninaposikia podikasti inayosema jaza maji kwanza, nauliza kwanza imesemwa katika wodi gani. Sikiliza uelewe fiziolojia. Usinakili dozi.

Deranged Physiology ya Alex Yartsev iko chini kabisa si kwa ubaya. Imeandikwa kwa wanaojiandaa na mtihani wa ubingwa wa ICU Australia, na kwa daktari wa hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, anayetaka kujua mashine ya kupumulia inafanya nini hasa ndani ya kifua, hakuna maelezo bora ya bure. Kwa kituo cha afya, ni bando linalokwenda bure.

Vyeti ni habari nyingine. Kabla ya kukesha kwenye kozi kwa sababu ya cheti, uliza kama baraza lako linakihesabu kwenye pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya taaluma. Mimi nina vitatu vizuri vya rangi ambavyo havikunisaidia hata pointi moja siku ya kuhuisha leseni.

Na kama umebakiwa na MB 300 hadi mshahara uingie: BEC kwanza, halafu aplikesheni ya MSF. Pakua alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi, kisha zima data ujaribu kuvifungua ukiwa bado nyumbani.