Radio Paradise kwa mpenzi wa roki aliyeko Dodoma

Zungusha redio ya FM hapa Dodoma kutoka 87.5 hadi 108: utapata habari, mahubiri, bongofleva, singeli na uchambuzi wa mpira. Kituo cha roki hakuna. Redio za mkoani zinaishi kwa matangazo, na mwenye tangazo anafuata walipo wasikilizaji wengi.

Anayetaka magitaa kutwa nzima imebidi aende mtandaoni, na huko tunaiweka mbele Radio Paradise ya Marekani, chaneli ya Rock Mix. Kituo hiki kipo tangu 2000, hakina matangazo, kinaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, na nyimbo zinapangwa na mtu anayejua wimbo upi umpokee mwenzake. Hilo linasikika ndani ya nusu saa tu. Mwenye kiu ya hevi metali ataiona laini mno. Huyo aende SomaFM ya San Francisco, chaneli ya Metal Detector. Upungufu wa Radio Paradise unaouma ni kwamba bendi za Afrika Mashariki hutazisikia vya kutosha.

Bando ndilo la kupigia hesabu. Ubora wa kbps 64 (kilobiti kwa sekunde) unakula takriban MB 29 kwa saa, 128 unakula MB 58, na 320 unafika MB 144. Kwa saa nne kila siku, siku 26, hiyo ni GB 3 kwa 64 dhidi ya GB 15 kwa 320. Spika ya simu inatosheka na 64. Kwenye gari weka 128, maana chini ya hapo matoazi yanasagika na gitaa la besi linapoteza ncha.

Gari lenye tundu la AUX linamaliza kazi kwa waya wa mm 3.5. Lisilo nalo linahitaji transmita ndogo ya FM ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, inayorusha sauti ya simu hadi redio ya gari, na hapo ndipo wengi wanakwama. Redio nyingi za magari yaliyotoka Japani zinaishia 90, kwa hiyo bila ekspanda (kifaa kinachoshusha masafa ya juu yaingie kwenye redio hiyo) tafuta nafasi tupu kati ya 87.5 na 90. Kama ekspanda imefungwa, soma namba iliyoandikwa juu yake: ikiwa ni MHz 20, transmita ikae 107.3 na redio 87.3. Mkwaruzo ukizidi, kuna kituo chenye nguvu jirani na masafa yako. Sogea angalau 0.4.

Muziki ukikatika kila kioo cha simu kinapozima, mkosaji si kituo. Ingia mipangilio ya betri, ruhusu programu ifanye kazi bila kuzuiwa. Na kwa safari ya Manyoni au Singida, ambako data inapotea vipande vipande baada ya Bahi, programu ya Radio Paradise inakubali kupakua saa kadhaa za muziki mapema. Fanya hivyo kwenye Wi-Fi kabla ya kuwasha gari.