Sanduku la barua kando ya barabara Marekani: nunua nguzo kwanza

Dukani macho hukimbilia sanduku: rangi, nakshi, kitasa. Lakini kinachoua ni nguzo. Gari likiacha njia likagonga nguzo isiyovunjika, abiria ndio huvunjika. Kwa hiyo tumepanga orodha hii kwa aina ya nguzo, inayofaa zaidi kwanza.

1. Mbao ya inchi 4 kwa 4, iliyotiwa dawa. Ndiyo inayofaa nyumba nyingi, kwani ikigongwa hukatika. Chagua yenye lebo ya kufukiwa ardhini. Isiyo nayo huoza upesi pale inapoingia udongoni. Shimo lisizidi inchi 24 (sentimita 61). Rudisha udongo kidogo kidogo ukiushindilia kila safari, na zege achana nalo: huifanya nguzo iwe ngumu kung'oka inapogongwa, na siku ya kuibadilisha utalia na nyundo.

2. Bomba la chuma au alumini, kipenyo inchi 2. Haliozi udongoni, na likigongwa hupinda. Nene zaidi ya hapo usichukue, hata kama fundi anasema ndilo imara. Uimara wa aina hiyo ndio tunaoukwepa.

3. Mkono unaozunguka, yaani nguzo yenye mkono unaobeba sanduku. Ni ghali zaidi, ila ukiishi jimbo la theluji nyingi kama Minnesota au Maine uupandishe namba moja. Theluji inayosukumwa na greda hulipiga sanduku kwa uzito mkubwa. Mkono huu husogea badala ya kuvunjika.

4. Mnara wa matofali. Unapendeza. Usijenge.

Sanduku lenyewe liwe jepesi, la bati au plastiki, lenye alama ya kuidhinishwa na Posta ya Marekani. Lifunge kwenye nguzo kwa skrubu nyingi kupitia kipande cha mbao chini yake, maana likichomoka kwenye ajali huweza kuruka hadi kwenye kioo cha gari. La kufunga kwa ufunguo huzuia wezi wa barua na hundi, lakini mpeleka barua hapokei ufunguo wako, hivyo tundu la kuingizia barua liwe na kimo kisichopungua inchi 1.75 na upana wa inchi 10. Vifurushi vikubwa havitapita.

Vipimo huharibika hapa: sakafu ya sanduku iwe inchi 41 hadi 45 kutoka usawa wa barabara, si kutoka kwenye nyasi. Uwanja ukiwa chini ya lami kwa inchi 8, mbao ya futi 6 haitatosha. Chukua ya futi 8 uikate. Mlango ukae inchi 6 hadi 8 nyuma ya ukingo wa barabara. Namba ya nyumba iandikwe kwa tarakimu za inchi 1 au zaidi.

Kabla ya kuchimba piga simu namba 811, siku chache mapema. Ni bure, na watu wa kampuni za huduma huja kuweka alama palipopita nyaya na mabomba ya gesi. Na kama unahamisha sanduku la zamani, uliza kwanza posta ya eneo lako.