Internetová jazyková příručka: uzoefu wangu wa kutafuta asili ya neno nohejbal

Kwa anayejifunza Kicheki, huduma hii, yaani mwongozo wa lugha wa mtandaoni, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Inatolewa bure mtandaoni na Taasisi ya Lugha ya Kicheki ya huko Praha. Ila ujue kinachopatikana humo: tahajia, jinsia ya neno na jedwali la maumbo yake. Asili unaichimba mwenyewe, na jedwali ndilo jembe.

Chukua nohejbal, mchezo wa kupigiana mpira kwa miguu na kichwa juu ya wavu wa sentimita 110. Ulianza mwaka 1922 kwa wachezaji wa klabu ya Slavia Praha, waliotumia kamba tu badala ya wavu. Ukilitafuta neno hilo, utakuta mstari wa „dělení“: no-hej-bal. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Huo ni mgawanyo wa silabi, wa kukatia neno mwishoni mwa mstari. Haugusi mzizi, na ukiung'ang'ania utahangaika na „hej“ bure.

Tafuta badala yake neno lenye mwisho uleule: volejbal, yaani voliboli. Wacheki walilitoa kwenye Kiingereza wakaliandika kwa matamshi yao, ndipo ilipotoka hiyo -ej-. Sasa ondoa -ejbal kwenye nohejbal. Kinabaki noh-, mzizi wa noha, „mguu“. Basi mguu umepachikwa mahali pa vol-, neno likakamilika.

Utamu wa jedwali uko kwenye majina ya Kicheki chenyewe: kopaná (kandanda), házená (mpira wa mikono), odbíjená (voliboli), košíková. Angalia umbo la umilikishi: kopané, házené, odbíjené, košíkové. Yanabadilika kama vivumishi, ilhali nohejbal inatoa nohejbalu, nomino ya kawaida. Matatu ya kwanza yanatokana na vitenzi kopat (kupiga teke), házet (kutupa) na odbíjet (kupiga kitu kirudi). La nne linatokana na košík, kikapu, sawasawa na mpira wa kikapu wetu.

Unapotafuta neno, andika alama zote za juu ya herufi. Kwenye simu shikilia herufi a mpaka á itokee.

Ukitaka asili iliyokwisha andikwa, Wikislovník, kamusi huria ya Kicheki ya mtandaoni, ina sehemu ya „etymologie“, lakini si kila ukurasa unayo, na yeyote anaweza kuuhariri. Hakikisha kwenye kamusi ya etimolojia iliyochapishwa.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeibakiza kwa sababu maelezo mengi ni ya Kicheki, na anayeanza kabisa atahitaji mtu wa kumsomea.